Sura ya Tano: Asubuhi ya Kuzimua

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mlango wa uani wa nyumba moja katika vilima vya Tarime unagongwa. Anayegonga hapigi hodi. Mama mwenye nyumba anamjua kwa kikohozi chake. Anatoka na glasi ndogo, anaitia nusu tu, maana akiijaza itamwagika. Mgeni anaipokea kwa mikono miwili. Ukimwona kwa mbali utadhani ni adabu, vile kijana anavyopokea kitu kutoka kwa mzee. Ukisogea utaona kwamba mkono mmoja unaushika mwingine usiruke. Meno yanagonga ukingo wa glasi. Anameza, anafumba macho, anasubiri. Baada ya dakika kumi hivi jasho la usoni linakauka, vidole vinatulia, na hapo ndipo anapopata nafasi ya kusalimia: "Umeamkaje, mama?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, nikayaona haya zaidi ya mara moja nikisubiri kaa langu jikoni. Nilidhani mtu yule anasikia baridi.

Wanywaji wenyewe wana neno la glasi ile ya alfajiri: kuzimua. Ni neno la jikoni. Uji ukimshinda mtoto kwa moto, unauzimua kwa maji ili makali yapungue. Watasema kwamba pombe ya jana bado inawachoma, na hii kidogo ya leo inaipoza. Vijana wa mjini huiita kutoa loki. Neno likitajwa watu hucheka, nami nilicheka nao miaka mingi. Sicheki tena, kwa sababu nimekuja kujua kwamba ndani ya neno hilo mna dalili ya ugonjwa ambao huua, na ambao tunaweza kuutibu.

Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali 10 ya kumtambua mtu ambaye pombe imeanza kumdhuru. Yalijaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Swali la sita linataka kujua ni mara ngapi katika mwaka uliopita mtu alihitaji kunywa asubuhi ndipo aweze kuianza siku, baada ya kunywa sana. Yaani wataalamu wa mabara mbalimbali walikaa chini, wakapima maneno yao, na wakaulizia kuzimua. Jambo lile lile ambalo kila mtoto wa kijijini kwetu anaweza kukuonyesha mlango linakofanyika.

Sura hii ni ya watu wa mlango ule. Kwa zaidi ya nusu karne tumekifukuza kilevi katika wilaya za Tarime na Serengeti kama tunavyomfukuza mwizi wa ng'ombe, kwa filimbi na mbio na nyayo. Tumelifuata shamba la bangi, tumelifuata pipa la gongo, tumelifuata gunia mpaka mpakani. Aliyekwisha kuugua tumempita njiani.

*

Wakurya, watu wa vilima hivi, hawakuanza kunywa jana. Amarwa, pombe ya nafaka, ilikuwa na kiti chake katika kila jambo zito: mahari ikipokelewa, vijana wakitoka jandoni, wazee wakipatana baada ya ugomvi. Wimbi liliwekwa maji likachipua, likaanikwa, likasagwa kuwa kimea, ndipo kazi ya siku kadhaa ikaanza. Chungu kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija mirefu, na kila mmoja alikijua kiti chake kwa rika lake. Kijana aliyejitia kwenye mrija angeondolewa.

Sitaki kuipamba. Wako bibi zetu waliopigwa na waume waliolewa amarwa, na wako watoto waliolala njaa kwa sababu wimbi la chakula liligeuzwa kimea. Lakini pombe ile ilikuwa na mipaka miwili ambayo hakuna polisi aliyeiweka. Wa kwanza ni nguvu yake: kilevi chake kilikuwa kidogo, na tumbo lilijaa kabla kichwa hakijapotea. Wa pili ni ghala. Mvua ikikataa, wimbi halipo. Wimbi lisipokuwepo, chungu kimegeuzwa chini juu. Mwaka wenyewe ulimlazimisha mnywaji kupumzika.

Gongo iliivunja mipaka yote miwili. Huku wengi huiita piwa; ukivuka mpaka pale Sirari ukaingia Isebania upande wa Kenya, inakuwa chang'aa. Mama anachanganya unga wa muhogo au wa mahindi na kimea, anatia sukari au sukari guru, anaacha mchanganyiko uchachuke katika pipa. Ukishakomaa, pipa linapanda juu ya mafiga, mdomo wake unazibwa kwa udongo, bomba linatoka ubavuni na kupita katika maji ya baridi. Mvuke unapoa, tone moja moja linaangukia kwenye dumu. Muhogo haungoji msimu. Sukari iko dukani Januari na iko dukani Agosti. Na kile kinachodondoka kinaweza kuwa na kilevi mara tano au sita ya bia, au zaidi, kwa sababu hakuna kinachokipima isipokuwa ulimi wa mwenye pipa, na ulimi huo nao unaonja kila siku. Sijaona watu wanaoteketea kimyakimya kuliko wapishi wenyewe. Mwanamke anaanza kupika ili auze. Miaka kumi baadaye anaweza kuwa mteja wake wa kwanza kila asubuhi.

Sheria iliikataza mapema. Tangu mwaka 1966 kutengeneza gongo, ambayo sheria inaiita moshi, bila kibali ni kosa Tanzania Bara. Kenya waliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha mwaka 2010 wakaifuta sheria ile na kuruhusu iuzwe iwapo itatengenezwa kwa leseni na viwango. Basi kuna njia ya miguu katika mpaka wetu ambapo upande mmoja pipa ni haramu na upande wa pili linaulizwa karatasi, na pipa ni lile lile, na wanywaji ni shangazi na wapwa wa ukoo mmoja.

Wengi huogopa gongo kwa sababu ya habari za watu kupofuka na kufa kwa usiku mmoja. Hofu hiyo ina msingi, ila ielekezwe mahali pake. Vifo vya makumi ya watu vilivyoitikisa Kenya mwezi Mei 2014 vililetwa na methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wafanyabiashara waliitia kwenye pombe ili iongezeke ukali na faida. Methanoli ikifika mwilini hugeuka sumu inayoua mshipa wa jicho. Ajali kama hiyo hupata magazeti. Mtu anayeoza ini kwa miaka 15 hapati. Mwaka 2019 pekee, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na pombe halali, iliyopimwa na kulipiwa kodi, nayo imo katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana nalikumbuka tangazo la Waziri Mkuu Kassim Majaliwa pale Mirerani, Februari 2017, kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe ya viroba isitengenezwe wala kuuzwa. Mfuko wa plastiki uliokuwa ukiuzwa kwa bei ya maandazi, ambao mwanafunzi aliweza kuuficha ndani ya soksi na dereva wa bodaboda kuubana shavuni, uliondoka madukani. Hatua hiyo haikumlenga mnywaji. Kilichobadilishwa ni chombo, na pamoja na chombo ile bei ndogo ya kuanzia. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa hatua bora za afya ya jamii tulizowahi kuchukua nchini kuhusu kilevi, na inasikitisha kwamba tuliizungumza zaidi kama vita ya mifuko ya plastiki.

*

Mama mmoja mjane, ambaye nimemjua tangu nikivaa kaptula, niliwahi kumuuliza kwa nini asiache. Alikuwa anachochea kuni. Hakuinua uso.

"Mwanangu, kahawa inalipa mara moja kwa mwaka, tena ikilipa. Sare ya shule inachanika mwezi gani?"

Ni kweli kwamba mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Daftari hazikufutwa, wala viatu, wala mchango wa chakula cha mchana. Pipa lake linampa pesa kila wiki, na hakuna zao katika shamba lake dogo linaloweza kufanya hivyo. Polisi wamelipindua mara kadhaa, na kila mara jirani zake wamemchangia pipa jingine, kwa sababu nao watoto wao wanasoma. Nimeyaandika haya nikijua kwamba mteja wake mmoja alikuwa mjomba wangu, na nitafika kwake.

Hesabu ya mama huyu ndiyo hesabu ya bonde. Mto Mara unatoka katika misitu ya Mau nchini Kenya, unakatiza Maasai Mara na Hifadhi ya Serengeti, kisha unateremka kuelekea Ziwa Viktoria, Tarime ikiwa upande wa kaskazini na wilaya ya Serengeti upande wa kusini. Ni safari ya karibu kilomita 400. Ukingoni mwake ardhi ni nyeusi na maji yapo hata kiangazi. Katika bonde hilo bangi imelimwa kwa miaka mingi, ikifichwa katikati ya mahindi na mihogo, au mbali na makazi mahali ambapo gari halifiki. Katikati ya mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ikiongozwa na Kamishna Jenerali Aretas Lyimo, iliteremka Tarime na kufyeka na kuchoma mamia ya ekari. Picha zilikuwa za kutisha: miche mirefu kuliko mtu, magunia yaliyoshindiliwa, moshi mzito. Chini ya sheria ya mwaka 2015 anayelima anaweza kwenda jela miaka 30.

Siwatetei wanaolima. Ila anayefyekewa shamba ni yule mdogo kuliko wote katika mnyororo huu. Gunia likishaondoka bondeni linapita mikononi mwa watu wasiojulikana kwa sura, kwa pikipiki, kwa njia za panya, kuelekea Kenya na miji mikubwa, na kila mkono unaolishika unapata zaidi ya ule uliopalilia. Juu ya bonde hilo hilo, katika nyanda za juu za Tarime, kahawa ya arabika imestawi tangu enzi za wakoloni. Viongozi wanapomwambia mkulima apande kahawa wanasema kweli, ardhi inaikubali. Lakini mche wa kahawa unataka takriban miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana, na bangi inataka miezi. Anayetaka shamba libadilike inabidi ajibu familia itakula nini katika miaka hiyo mitatu.

Bangi yote haiondoki. Penye chanzo bei huwa chini, na msokoto unamfikia mchungaji wa miaka 13, mpiga debe wa Sirari, kijana anayechimba au kuokota mawe ya dhahabu huko Nyamongo, dereva wa bodaboda anayekesha Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, akisubiri abiria wa asubuhi. Juu ya jani hili kuna hadithi mbili, na zote mbili zinawadanganya vijana. Moja inasema bangi inatia nguvu na akili, babu walivuta wakalima. Nyingine inasema ukivuta mara moja unaokota makopo barabarani. Kijana akivuta mara kumi na asiokote makopo, anahitimisha kwamba wazee ni waongo, na tangu siku hiyo hawasikii tena kwa lolote. Kinachojulikana ni hiki: takriban mvutaji 1 katika 10 hufikia kushindwa kuacha, na kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni karibu 1 katika 6, kwa sababu ubongo huendelea kujengwa hadi kwenye miaka 25. Kwa wachache, hasa wenye ugonjwa wa akili katika ukoo na wanaovuta kila siku, huufungulia mlango ugonjwa ambao hautafungika kirahisi. Hayo ndiyo ya kumwambia mtoto. Yanatosha, na hatayakuta ni uongo.

*

Mjomba alikuwa fundi ujenzi. Nyumba kadhaa zinazosimama hadi leo pale kwetu, kona zake amezinyoosha yeye. Alikunywa kwa miaka zaidi ya 20, na katika miaka ya mwisho alikuwa mtu wa kuzimua. Ikafika Desemba moja, watoto wake wamekuja likizo, binti yake mkubwa akamwambia mbele ya wote kwamba anamwonea aibu. Mjomba hakujibu. Kesho yake alitangaza ameacha. Tulifurahi. Shangazi alichinja kuku.

Siku ya kwanza alitetemeka na kutapika. Tukasema pombe inatoka. Usiku ule alianguka kifafa, kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani. Siku ya tatu alianza kuongea na watu wasiokuwepo, akiwakung'uta wadudu kwenye shuka ambayo haikuwa na mdudu, mwili ukiwaka, moyo ukimwenda mbio hadi shati linapigapiga kifuani. Mmoja wetu alisema malaria imempanda kichwani. Mwingine alisema ni mikono ya watu. Tulimfikisha kituo cha afya jioni, na mhudumu alipouliza historia yake, sisi, watu sita tuliomzunguka, hakuna aliyetaja pombe. Tuliona tutamwaibisha, na tena alikuwa ameshaacha. Akaandikiwa dripu ya kwinini. Alifariki kabla ya kucha.

Imenichukua miaka kuelewa kilichotokea, na nakieleza kwa sababu najua kinatokea katika nyumba nyingine. Pombe huupoza ubongo. Ikija kila siku, ubongo unajitetea kwa kujichochea zaidi, ili mtu aweze kusimama na kutembea ingawa amekunywa. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje mmoja ndani, na mlango umetulia kwa sababu nguvu zao zimelingana. Ukimwondoa ghafla wa nje, wa ndani anaruka na mlango anauvunja. Mtetemo na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Ile hali ya kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kuwaka homa huja siku ya pili hadi ya nne, na bila tiba inaweza kuua.

Sasa sikia tiba yake. Ni diazepamu, dawa ya miaka mingi ambayo hospitali ya wilaya huwa nayo kwa ajili ya kifafa, inayotolewa kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku. Ni sindano za vitamini B1, kwa sababu mlevi wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na ubongo unaoikosa unaweza kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Ni maji, ni kitanda, ni muuguzi wa kumwangalia kwa siku tano hivi. Hakuna mashine humo. Mjomba alikufa mahali ambapo sehemu kubwa ya dawa ya kumponya ingeweza kupatikana kabatini, kwa kukosa sentensi moja.

Kila ninaposikia operesheni imekamata walevi na kuwalaza mahabusu, mawazo yangu huenda kwenye saa ya thelathini na sita. Mtu aliyezoea kuzimua akifungiwa Ijumaa, Jumapili anaweza kuanguka kifafa sakafuni, na wenzake wa chumba watasema anajifanya.

*

Nchi yetu haina upungufu wa ujuzi. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, ya kwanza ya aina yake ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Zanzibar ilikwisha kuanza nyumba za upataji nafuu, zinazoendeshwa na watu waliowahi kuwa mateja wenyewe, wanaoijua arosto, yale mateso ya kuikosa dawa, kwa miili yao. Maelfu ya watu waliokuwa wakilala chini ya magari mabovu leo wanakwenda kunywa dozi yao na kurudi kazini.

Naipongeza kazi hiyo kwa moyo wote. Nauliza tu kwa nini gongo haikupata ya kwake. Jibu langu ni kwamba heroini ilikuja na sindano, sindano ikaja na virusi vya UKIMWI, na UKIMWI ulikuwa na wafadhili. Teja wa Dar es Salaam akaonekana kuwa mgonjwa kwa sababu ugonjwa wake ungeweza kuvuka kwenda kwa wengine. Mnywaji wa piwa wa Tarime anaiua familia yake tu. Methadoni haimfai, kwa kuwa inatibu heroini na jamii yake tu. Dawa zinazomsaidia mlevi asirudie, akamprosati na naltreksoni, Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Kwa mtu wa Mugumu, hospitali kubwa yenye madaktari bingwa wa akili iko Mwanza, safari ya siku nzima na nauli ya watu wawili. Mirembe ya Dodoma, yenye kituo chake cha Itega kwa waraibu, ni mbali zaidi. Nani atauza mbuzi ili ampeleke mlevi Dodoma?

Ila pana jambo lililofanyika mjini Moshi ambalo linanipa matumaini kuliko majengo. Katika hospitali ya KCMC watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliyatafsiri yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kwa Kiswahili na kuyapima kwa watu wetu. Kisha wakaandaa mazungumzo mafupi yaliyoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mtu amevunjika mguu kwa bodaboda akiwa amelewa, amelazwa, kichwa sasa kimetulia. Muuguzi anavuta kiti. Anamuuliza anakunywa kiasi gani, anamsikiliza bila kumgombeza, anamuuliza yeye mwenyewe anaona nini kingebadilika akipunguza. Muuguzi huyo si daktari bingwa, na mazungumzo hayafiki hata saa moja. Utaratibu wa namna hii unaweza kuanza kesho katika hospitali ya wilaya ya Tarime na katika Hospitali ya Nyerere pale Mugumu, na katika kila kituo cha afya chenye muuguzi na kiti.

Na sisi tuna kitu ambacho Moshi hawana. Tuna ritongo, baraza la jadi la kijiji. Ng'ombe akiibwa, kijiji kizima hukaa, jina linatajwa hadharani, na hakuna wa kuchelewa. Ritongo limewatoza walevi faini, limewacharaza viboko, limewafukuza. Natamani kuona ritongo moja tu likikaa kwa ajili ya mlevi kama mgonjwa: likubaliane nani atamsindikiza hospitali, nani atalinda ng'ombe wake kwa siku tano, nani atakaa naye jioni akirudi, maana jioni ndiyo saa ngumu. Wazee wanaoweza kuufuata unyayo wa ng'ombe hadi Kenya hawawezi kushindwa kumfikisha jirani yao Mugumu.

Halmashauri nazo nazisihi zitenge vitanda, hata viwili, katika hospitali ya wilaya, na kuhakikisha diazepamu na vitamini B1 havikauki. Sidhani kama gharama yake inafikia mafuta ya magari ya operesheni moja ya bondeni.

Nawe unayesoma, huenda nyumbani kwako kuna mtu anayepokea glasi kwa mikono miwili asubuhi. Usimfungie ndani aache kwa nguvu, wala usimchinjie kuku siku ya kwanza ukadhani yamekwisha. Mpeleke hospitali kabla hajaacha, au siku ile ile anapoacha. Mhudumu akiuliza historia, mwambie bila kuficha: "Ndugu yangu anakunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, na mara ya mwisho kunywa ni jana jioni."